Bonge

Nyumbani kwetu Morogoro kulikuwa na kabati la vyombo lenye kufuli. Mbele lilikuwa la mninga, limepigwa vanishi likang'aa. Nyuma plaiwudi tu. Vyombo vya wageni vilikaa juu, kwenye vioo, bila ulinzi wowote. Kilichofungwa ni mlango wa chini. Humo mlikuwa na sukari, maziwa ya unga, siagi ya kopo, na biskuti ambazo hazikuwa zetu bali za wageni. Ufunguo mama aliufunga kwenye pindo la kanga. Mimi nilikuwa kimbaumbau mwiko wa pilau, naacha chakula nusu nakimbilia mpira. Kufuli lile halikununuliwa kwa ajili yangu. Lilinunuliwa kwa ajili ya kaka.

Kaka amenizidi miaka mitatu. Usiku mmoja, nadhani 1991, niliamka kwenda haja nikamkuta sebuleni gizani, kabati limevutwa kidogo kutoka ukutani. Alikuwa amegundua kwamba plaiwudi ya nyuma imeshikwa na misumari ya inchi moja, na kwamba mpini wa kijiko unatosha kuing'oa. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa mapajani. Hakushtuka, wala hakunionya nisiseme. Alinipa kijiko. Tukala kimya, maziwa yakitugandia kwenye kaakaa, kisha akairudisha misumari mmoja mmoja kwa kuikandamiza na kandambili.

Asubuhi nilimsemea kwa mama. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka tu kuwa mtoto mzuri kwa siku moja. Kaka alichapwa, plaiwudi ikapigwa misumari ya inchi mbili, nami nikaenda shule na maziwa yaleyale tumboni. Kuna na jingine. Nyumbani shangazi zetu walikuwa wakimwita Bonge, "bonge langu njoo", kwa mapenzi, huku wakimfinya mashavu. Shuleni alikuwa na jina lake, lile la kwenye rejista. Nilipoanza darasa la kwanza ndipo jina la nyumbani lilipovuka barabara, na aliyelivusha ni mimi. Nilimwita uwanjani mbele ya wenzake, "Bonge, mama kasema tusichelewe," na mpaka kengele ya mapumziko inalia, shule nzima ilikuwa nalo.

Ana miaka arobaini na kitu sasa. Bado anaitwa hivyo.

* * *

Mwaka jana, shule anayosoma binti yangu hapa Dar es Salaam iliwapima watoto uzito. Alikuwa na miaka minane. Mizani ilisoma kilo 44, mwalimu aliyekuwa akiandika akaisoma kwa sauti, akaongeza na utani ambao sitaurudia hapa. Siku hiyo sikuambiwa. Nilichoona ni kwamba mtoto ameanza kurudi na chakula chake cha shule kama kilivyotoka, kontena limejaa, na mama yake akafurahi kidogo, akasema labda ameanza kujipunguza mwenyewe. Wiki ya tatu dada anayetusaidia nyumbani alikuwa akibadilisha mashuka, akaniita. Kati ya godoro na chaga kulikuwa na karatasi za biskuti, zimekunjwa vizuri, moja ndani ya nyingine, kama risiti za mtu makini.

Nilikaa kwenye kile kitanda kidogo, nikaikumbuka ile misumari ya inchi moja.

Mimi si mwanasaikolojia. Nauza spea za magari Kariakoo, na kazi ile ina saa nyingi za kukaa kaunta ukisubiri mteja. Kwa miezi kadhaa saa hizo nimezitumia kusoma kuhusu watoto na kula, kwanza kwa hasira (nani kamharibia mwanangu?), halafu kwa aibu, maana kila nilichosoma kilinirudisha Morogoro. Wataalamu wetu wanauita unene huu kiribatumbo. Neno lina mantiki yake, lakini jaribu kulitamka mbele ya mtoto. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Mimi nitasema unene.

Wengi wanadhani hii ni habari ya watoto wa matajiri wa Masaki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, na 4 wana uzito uliozidi. Ukizitazama tarakimu hizo utasema tatizo letu bado ni lishe duni, na hujakosea. Lakini mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilihesabu watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 zaidi ya milioni 390 wenye uzito uliozidi, milioni 160 kati yao wakiwa na unene uliokithiri. Mwaka 2025 UNICEF ikatangaza kwamba kwa mara ya kwanza, katika watoto wa umri wa kwenda shule, wanene wamewazidi wenye uzito pungufu. Afrika kusini mwa Sahara haijafika huko. Tuko njiani, na kwenye njia hiyo nyumba moja inaweza kuwa na bibi aliyesimama foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na mjukuu anayeficha biskuti chini ya godoro.

* * *

Kaka na mimi tulikula chungu kimoja. Ugali uleule, mchicha uleule, na nyama ya Jumapili iliyokatwa vipande vya kuhesabika. Yeye akawa vile, mimi nikawa hivi, na kwa miaka yote mtaa ulikuwa na maelezo ya neno moja: mlafi.

Mwaka 2008 watafiti wa London waliokuwa na mwanasaikolojia Jane Wardle walichapisha matokeo ya mapacha wa Uingereza, jozi zaidi ya 5,000 za watoto wa miaka 8 hadi 11. Walipolinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wasiofanana, walikuta kwamba asilimia 77 ya tofauti za uzito kati ya mtoto na mtoto inatokana na urithi. Usidhani mtoto anarithi mafuta kama anavyorithi shamba. Kwa sehemu kubwa anarithi hamu: jinsi harufu ya kitumbua inavyomvuta, na jinsi shibe inavyochelewa kumfikia.

Kuna kisa kimoja ambacho hakinitoki. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge waliandika habari za watoto wawili binamu, wa familia yenye asili ya Pakistan. Msichana alikuwa na miaka minane na kilo 86. Mvulana, miaka miwili na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, kisha njaa ikawashika isiwaachie. Ikaonekana kwamba miili yao haiwezi kutengeneza leptini, homoni iliyogunduliwa 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York, ambayo mafuta ya mwili huitumia kuupasha ubongo habari kwamba akiba ipo, inatosha. Walipoanza kuchomwa sindano za leptini, ile njaa ikatulia. Hali hiyo ni adimu mno, na hakuna daktari aliyewahi kufikiri binti yangu anayo. Lakini sote tunajua mtaa wetu ungewaita nini watoto wale kabla ya sindano.

Basi urithi upo. Ila urithi wa watu haujabadilika tangu 1990, na watoto wanene wameongezeka tangu 1990. Kwa hiyo lazima kuna kitu tunachokifanya.

* * *

Kwenye tangi la gari kuna boya. Mafuta yakipanda linapanda, yakishuka linashuka, na waya wake unapeleka habari kwenye geji iliyo mbele ya dereva. Geji ikidanganya, mara nyingi tangi ni zima. Boya limenasa, au waya umekatika. Wateja wengi huja kununua geji mpya. Nimeuza nyingi ambazo hazikuhitajika, Mungu anisamehe.

Mtoto anazaliwa na boya lake. Miaka ya 1920 daktari wa watoto aitwaye Clara Davis alianza jaribio, akaliendeleza Chicago, ambalo leo nadhani lisingeruhusiwa. Aliwalea watoto 15, wachanga walioachishwa ziwa tu, akawaacha wajichagulie kutoka kwenye vyakula 34: nyama, mayai, maziwa, nafaka, matunda, hata uboho na figo. Muuguzi alikaa na kijiko mkononi, amekatazwa kushauri. Kuna siku mtoto aling'ang'ania kitu kimoja, kesho yake hakitaki hata kukiona. Ukiwatazama kwa mlo mmoja ungelia. Ukiwatazama kwa miezi, walikua vizuri. Mmoja aliyekuja na matege alikunywa mafuta ya samaki kwa hiari yake mpaka akapona, kisha akayaacha. Davis mwenyewe alisema ujanja ulikuwa kwenye orodha: hapakuwa na sukari wala unga uliokobolewa. Mtoto alikuwa huru kukosea, ila hapakuwa na kosa kubwa mezani.

Kinachokata waya ni sisi. Mwanasaikolojia Leann Birch, aliyefundisha Illinois na baadaye Pennsylvania, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatazama watoto wa chekechea wakila. Katika jaribio la 1987 kundi moja la watoto lilifundishwa kulisikiliza tumbo: njaa inakaaje, shibe inakaaje. Kundi la pili lilielekezwa nje: saa ya kula imefika, sahani imebaki kiasi gani, ukila utapata zawadi. Baadaye wote walipewa kitafunio kabla ya chakula, mara kizito, mara chepesi. Kundi la kwanza lilipokula kizito lilipunguza chakula kilichofuata, bila kuambiwa. Kundi la pili halikupunguza. Waya ulikuwa umekatwa, na kazi hiyo ilichukua wiki chache tu.

Nilikumbuka jaribio hilo siku tulipompeleka mtoto kliniki. Daktari wa kwanza alituona kwa dakika mbili, akasema apunguze chipsi na afanye mazoezi, akaita mwingine. Afisa lishe tuliyepelekwa kwake baadaye, mama wa makamo mwenye miwani inayomshuka puani, alimwambia mtoto aende akachore kwenye meza ya pembeni. Kisha akatugeukia.

"Baba, huyu akisema ameshiba, nyumbani mnasemaje?"

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu akatazama pochi yake. Tunasema: umeshiba nini, hata hujala? Tunasema: maliza, wenzako wanalala njaa. Kijiko cha mwisho, cha baba. Haya, na hiki cha bibi. Ukimaliza utapewa soda. Mgeni akisema ameshiba tunamwambia hajala kitu, naye anajua hiyo ni adabu, anaongeza kidogo tunacheka. Mtoto hajui kwamba ni adabu. Anachojua ni kwamba tumbo lake limesema na watu wazima wamelibishia. Ukibishiwa mara tatu kwa siku kwa miaka minane, unaacha kulisikiliza.

* * *

Ijumaa mimi huchelewa kurudi. Hesabu za wiki, foleni ya Barabara ya Morogoro, na, niseme ukweli, mara nyingine kukaa tu na wenzangu. Nilikuwa narudi na chipsi kuku kwenye mfuko, mafuta yamejichora kwenye karatasi, na binti yangu akisikia geti anakuja mbio. Sikuwahi kusema "samahani nimechelewa" hata siku moja. Mfuko ulisema. Akilia, biskuti. Akishinda mtihani, aiskrimu. Akiwa mkimya, "twende nikununulie nini?" Nilidhani namlisha mtoto, kumbe naongea naye, kwa lugha pekee niliyoijua. Naye mtoto akajifunza lugha hiyohiyo: ukiwa na huzuni, kitu cha kufanya na huzuni ni kuitafuna.

Zawadi za chakula zina tabia ya ajabu. Birch na wenzake waliwahi kuwaahidi watoto zawadi ili wanywe kinywaji fulani cha maziwa. Watoto walikunywa, wakapata zawadi, na baada ya hapo walikipenda kinywaji kile kidogo kuliko mwanzo. Ukimwambia mtoto "maliza mchicha upate soda" umeshampa taarifa kamili: mchicha ni adhabu, soda ni malipo.

Na kufuli? Mwaka 1999 Jennifer Fisher na Birch waliweka vitafunio viwili vinavyokaribiana ladha mbele ya watoto. Kimoja kilikuwa wazi, ukitaka chukua. Kingine kilitiwa kwenye chupa kubwa inayoonesha ndani, watoto wakakatazwa isipokuwa kwa dakika chache. Ndani ya muda mfupi macho na maneno yote yalikuwa kwenye chupa. Kipo lini? Naweza sasa? Kitafunio kilikuwa kilekile cha kawaida. Katazo ndilo lililokitia utamu. Nilisoma hayo kaunta, mteja akinisubiri nimtafutie bushi za Noah, nikamwona kaka na lile kopo. Nina hakika hakuwa na njaa usiku ule. Alikuwa na kufuli kichwani.

Kuna jaribio jingine maarufu, lile la Walter Mischel wa Stanford: mtoto anawekewa pipi laini moja, anaambiwa akisubiri atapata mbili. Wahubiri wa nidhamu wanalipenda. Mimi napenda zaidi lililofanywa na Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, likachapishwa 2013. Kabla ya pipi, nusu ya watoto waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea vikaletwa kweli, nusu waliahidiwa visiletwe. Waliotimiziwa ahadi walisubiri pipi kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Ukitazama kwa jicho la wale wa pili, kula sasa hivi ni hesabu nzuri tu. Maziwa ya unga kwetu yaliingia mwisho wa mwezi na yalikwisha bila taarifa. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

* * *

Nimefika kwa mama, na hapa naomba niende polepole.

Daktari wa akili Hilde Bruch, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933, alifanya kazi na watoto wanene na familia zao huko New York kuanzia miaka ya 1930. Aliona kitu cha kweli: mama anayejibu kila kilio kwa chakula, kiwe cha njaa, cha baridi au cha upweke, anamkuza mtoto asiyeweza kutofautisha njaa na mambo mengine. Lakini maandishi yale ya mwanzo yana kizimba, na aliye ndani ya kizimba karibu kila mara ni mama. Baba yuko wapi? Baba nadhani alikuwa anarudi Ijumaa usiku na mfuko wa chipsi.

Mama anaishi nasi tangu 2019. Baada ya ile siku ya kliniki nilimwomba, kwa heshima zote, asimwongeze mjukuu chakula akisema ameshiba. Akanyamaza. Nikafikiri amekasirika. Usiku, wengine wamelala, akaniita barazani.

"Unajua kaka yako si wa kwanza."

Nilijua, kwa namna ambayo mtu anajua mambo ya nyumbani yasiyosemwa. Alikuwapo dada yetu, alizaliwa 1976, na kuna kaburi ambalo tulipitishwa mara moja tukiwa wadogo. Surua ilimkuta akiwa na mwaka mmoja na miezi minane.

"Alikuwa anageuza uso," mama akasema. "Nampelekea uji, anageuza uso. Nikasema sitamlazimisha mtoto mgonjwa. Akisikia njaa atakula."

Hakumalizia. Kaka alizaliwa miaka minne baada ya mtoto yule, nchi imetoka vitani na Uganda, sukari na sabuni ni za foleni, na mama akawa analinda mashavu ya mtoto kama watu wengine wanavyolinda ng'ombe. Kwenye kadi ya kliniki kulikuwa na rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Mtoto wake alikuwa kijani na zaidi ya kijani, na manesi walimsifia mbele ya kina mama wengine. Hakuna kadi iliyokuwa na rangi ya kuzidi.

Na hata alipoanza kuona kwamba amezidi, wakati ukaja na hofu nyingine. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Rakai, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera, kuhusu ugonjwa ambao wenyeji waliuita Slim, kwa sababu ulimkausha mtu. Tuliokua miaka ya tisini tunajua kukonda kulimaanisha nini. Mwaka 1996 kaka akiwa sekondari alishikwa na taifodi, akapungua mpaka mifupa ya mabega ikaonekana. Kwangu mimi alipendeza. Majirani walikuja kumtazama, wakakaa kidogo kuliko kawaida, wakaondoka wakinong'ona. Mama alimpikia uji wa ulezi wenye karanga na maziwa mara tano kwa siku. Alipokuwa Bonge tena, mama alimtembeza sokoni.

Kwa hiyo alimfungia kabati na kumjazia sahani mtoto yuleyule. Zamani niliona huo ni mkanganyiko. Sasa sioni mkanganyiko wowote. Aliogopa pande zote mbili.

* * *

Kuhusu jina nitasema kwa kifupi kwa sababu linaniuma.

Mwaka 1961 Stephen Richardson na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wa miaka 10 na 11. Kila mtoto alioneshwa michoro sita ya watoto: mmoja hana ulemavu wowote, mmoja ana magongo, mmoja yuko kwenye kiti cha magurudumu, mmoja hana kiganja, mmoja ana alama usoni, mmoja mnene. Wakaulizwa wawapange, kuanzia wanayempenda zaidi. Mnene akawa wa mwisho. Mwaka 2003 Janet Latner na Albert Stunkard walirudia zoezi hilohilo. Katika miaka arobaini na ushei ile Marekani ilikuwa imejaa watoto wanene, ungetegemea wamezoeana. Mnene alikuwa wa mwisho tena, na safari hii kwa mbali zaidi.

Watu wanaotania hudhani wanasaidia, kwamba mtoto akiona aibu atajirekebisha. Utafiti wa Marekani uliowafuata watoto kwa miaka kadhaa, ukachapishwa 2019, ulikuta kinyume: waliotaniwa zaidi kuhusu uzito ndio walioongezeka haraka zaidi. Halishangazi hata kidogo. Aibu inakuondoa uwanjani, inakupeleka chumbani, na chumbani kuna biskuti. Binti yangu hakuacha kula baada ya ule utani wa mizani. Aliacha kula mbele za watu.

* * *

Tumefanya nini? Mambo madogo, na mengine tumeyaacha. Afisa lishe alisema jambo moja lililotushusha pumzi wote: mtoto wa umri huu mara nyingi hahitaji kupungua kilo, anahitaji kilo zisimame wakati urefu unaendelea. Kwa hiyo mizani haipo nyumbani. Chakula kina saa zake na tunakila mezani, simu zimewekwa juu ya friji, na yangu ndiyo inayosahaulika mfukoni. Sisi tunaamua kipikwe nini na kiliwe lini. Kiasi gani, anajipakulia mwenyewe. Wiki mbili za kwanza alijipakulia mlima, mke wangu akawa ananibana mguu chini ya meza nisiseme. Wiki ya tatu mlima ukaanza kushuka. Soda hatununui, lakini akiikuta kwenye sherehe anakunywa bila sisi kumkodolea macho. Chipsi kuku zipo, ila zinaliwa Jumatano, siku isiyo na maana yoyote. Ijumaa narudi mikono mitupu na nasema samahani kwa mdomo, jambo ambalo lilinichukua muda kuliko yote. Jioni anacheza rede na watoto wa nyumba ya pili, uchochoroni, wakipisha bodaboda.

Shuleni nilikwenda. Mwalimu alisema ulikuwa utani tu. Sijashinda huko.

Mwaka umepita. Ameongezeka kilo moja na sentimita sita. Karatasi za biskuti nimezikuta tena mara mbili, nimeziacha pale pale.

Sikukuu iliyopita kaka alikuja na familia yake. Mama alipika pilau, kila mtu akajipakulia. Katikati ya chakula binti yangu alisukuma sahani, wali bado upo, na paja la kuku halijaguswa. "Nimeshiba," akasema, akashuka kitini akaenda nje. Nilimwona mama akivuta pumzi ya kusema. Meza nzima tulimwona. Akainuka, akachukua kawa, akaifunika ile sahani. "Akisikia njaa ataikuta," akasema, na sauti ikamgeuka kidogo mwishoni, akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwapo.

Tulipobaki barazani wawili, nilimwambia kaka habari ya jina. Kwamba ni mimi niliyelipeleka shuleni, kwamba nimekuwa nikitaka kumwambia. Alikuwa anachokonoa meno kwa njiti, akacheka kile kicheko chake kinachotikisa kiti.

"Jina ningelipata tu, mdogo wangu. Kwa mwili huu?"

Kisha akaitazama njiti.

"Ila yale maziwa," akasema. "Mimi nilikupa kijiko."